Boneti Lisilo na Injini

Kama hujawahi kumwona mtu mzima akicheka peke yake mbele ya gari lililoegeshwa, basi hukuwepo Kambi ya Nyumbu Saba siku yale magari mawili ya umeme yalipofika. Mimi nilikuwepo. Naitwa Selestine, ni mtunza stoo, nilitoka Biharamulo kuja kutafuta maisha huku Ikoma miaka saba iliyopita, na jambo dogo hunifurahisha upesi kama linavyonikasirisha upesi. Lakini siku ile aliyenizidi kwa furaha alikuwa Mokami Nchagwa, mfuaji wetu wa mashuka. Alibonyeza kitufe cha rimoti mara kumi na moja, akiangalia boneti la gari likipanda lenyewe na kushuka lenyewe, mpaka meneja akamwomba awaachie na wengine.

Ili uelewe kwa nini mwanamke wa miaka thelathini na minane alikaribia kulia kwa sababu ya kifuniko cha gari, lazima nikuambie kwanza habari za mkono wake.

Mokami ni Mkurya wa Nyarero, kule Tarime. Akiwa na miaka tisa alikuwa akiongoza ng'ombe wa plau shambani kwa baba yake, dume moja likashtuka na kumwangusha, na plau ikamburuza. Kiwiko cha mkono wa kushoto kilivunjika, kikaunga vibaya, na tangu hapo mkono ule umebaki umekunjwa. Haunyooki, wala haupandi kupita bega. Unaweza kukumbatia kitu kikae kifuani, basi. Mwingine angekaa kujihurumia. Yeye alilima, akapika, akafua, na kaka yake Kisyeri aliponunua pikapu ya kupeleka ndizi soko la Sirari, akajifunza na gari pia. Siku moja Kisyeri alilazwa na malaria huku mikungu ikiiva uani, Mokami akaingia nyuma ya usukani akaipeleka mwenyewe. Kisyeri alipopona, kurudishiwa usukani wake haikuwa kazi rahisi. Gia iko upande wa kushoto, na mkono uliokunjwa huifikia bila taabu.

Alikata leseni, akaja kambini kwetu kuomba kazi ya udereva. Aliyempima alikuwa mzee Vedasto, mkuu wa madereva, mtu wa miaka ishirini na saba katika barabara za hifadhi. Vedasto ni mtu wa haki, ila akishika neno hulishika kama kupe. Alimpeleka Mokami kwenye matope ya mtoni, akampitisha kwenye makorongo, akamrudisha akiwa anamsifu waziwazi kwamba gari analiweza. Kisha akamwambia afungue boneti la Landkruza. Mokami alivuta komeo, akainua kwa mkono mmoja, boneti likafika usawa wa kifua na kukwama hapo. Mkono wa pili haukuweza kwenda kulipokea.

"Dereva ni boneti, dada," Vedasto alimwambia. "Ukiharibikiwa katikati ya simba, staringi haitakusaidia."

Wakampa kazi ya kufua. Aliikubali kwa sababu binti yake Robi alikuwa anasoma. Miaka sita mfululizo amefua vumbi la hifadhi kutoka kwenye mashuka ya wageni, na kila gari likipita mbele ya kamba za nguo nilimwona akiligeukia. Hakunung'unika hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa nanung'unika kwa niaba yake, na nilifanya hivyo kwa sauti.

Sasa yakaja haya magari ya umeme. Madam Laurensia, meneja wetu, alituita wote tuyaone. Hayana moshi, hayana mlio, wanyama hawayakimbii. Mpishi alitoa macho pima pale boneti lilipofunguliwa na ndani kukakosekana injini. Aliuliza kama imeibiwa bandarini. Madam alieleza kwamba injini hakuna kabisa: mahali pake pamewekwa sanduku kubwa, lenye zulia pembeni na tundu la kutolea maji chini. Hilo ndilo buti la mbele. Unaweka chakula cha wageni, maji, barafu, sanduku la dawa, na vumbi haliingii.

Tofauti ya yale magari mawili ilikuwa hapo hapo kwenye kifuniko. La kwanza hufunguliwa kwa mkono: unavuta kamba ndani, unakwenda mbele, unapenyeza vidole chini ya ukingo kutafuta komeo la pili, unalisukuma kwa mkono huu huku unainua kwa mwingine. Kulifunga, unalishusha na kulikandamiza kwa viganja viwili, kulia na kushoto kwa pamoja, mpaka lilie tak. Ni jepesi, hata bibi kizee analiweza, ila linataka mikono miwili. La pili hubonyezwa. Ukibonyeza linapanda, ukibonyeza tena linashuka na kujifunga, nawe umesimama umeshika kikombe cha chai.

Kambi ingejaribu yote mawili kwa wiki mbili, kisha ichague aina moja na kuagiza mengine manne. Atahitajika dereva mpya mmoja, Madam akasema, na mwenye leseni yeyote aje ajaribiwe. Ili uhesabiwe dereva, lazima uendeshe gari la aina itakayochaguliwa, na ulihudumie mwenyewe mwanzo hadi mwisho.

Nilimtazama Mokami. Alikuwa ameshalitazama gari la pili.

Usifikiri hakulijaribu la kwanza. Alilijaribu siku nne, asubuhi kabla ya kuloweka mashuka. Alisukuma komeo kwa vidole na kuinua kwa bega. Alijaribu kulikandamiza kwa kiganja kimoja na goti, kifuniko kikafunga upande mmoja na kuachia mwingine. Siku ya tano aliacha, akaja stoo kuchukua sabuni, akaniambia bila kunitazama kwamba lile si la kwake. Lakini lile la kubonyeza! Aliliendesha kwenda mtoni na kurudi, aliliegesha kwa kurudi nyuma katikati ya mawe, alipakia na kupakua peke yake, na kila kifuniko kilipopanda aliguna kidogo kwa raha, kama mtu aliyeonja mchuzi ukakolea.

Kambi nzima ikagawanyika. Jikoni walikuwa upande wa kitufe, kwa sababu mikono yao huwa imejaa sufuria. Vedasto alikuwa upande wa mkono, na hakuficha.

"Kitu kinachojifungua chenyewe," alisema, "kuna siku kitakataa chenyewe."

Nilibishana naye mpaka chakula kikapoa. Nilimwambia hata simu ya mkononi waliikataa hivyo hivyo, leo hii hata wachunga ng'ombe wanapigiana. Alicheka tu akaendelea kula ugali. Hasira zangu mimi hujulikana, hazimtishi mtu.

Siku ya mwisho ya majaribio ilipangwa safari ya Busawe, kwenda kuwaonyesha wageni mashamba ya mihogo na mtama na kula chakula cha mchana huko huko. Magari yote mawili yangekwenda. Vedasto angeendesha la mkono, pamoja na Madam. Mokami angeendesha la kitufe akiwa na wageni wanne, mmoja wao mzee wa umri wa babu yangu, mwenye kisukari, ambaye dawa yake ya sindano ilikaa kwenye boksi la barafu na alitakiwa kuchomwa anapokula. Mimi ningekuwa kwenye gari la Mokami kama mgawa chakula. Usiku ule sikulala vizuri. Utadhani ni mimi niliyekuwa napimwa.

Na hapa lazima niungame, maana nisipoungama hadithi hii haina miguu.

Asubuhi nilipakia chakula na boksi la dawa kwenye buti la mbele, nikabonyeza, likajifunga. Nikalitazama lile kufuli lisiloonekana, nikaifikiria barabara ya Busawe ilivyo na mabonde, nikaingiwa na wasiwasi. Je, likijifungua njiani mbele ya Madam? Huku kwetu bara mzigo haujafungwa mpaka umefungwa kwa mpira wa tyubu. Kuku wanafungwa kwa mpira wa tyubu, godoro, kitanda, jeneza pia. Basi nikachukua mpira, nikaupitisha kwenye ukingo wa kifuniko, nikaukaza chini kwenye pete ya kuvutia gari. Bampa ni jeusi, mpira mweusi, kazi safi hata haionekani. Niliona nimemlinda dada yangu. Nilipanda garini nikiwa nimejaa fahari, sikumwambia mtu.

Mokami aliendesha kama anayebeba maziwa. Mashimo aliyazunguka, madaraja ya miti aliyapita polepole, na alipowaona tai angani alisimamisha gari bila hata wageni kutikisika. Yule mzee wa kisukari alisema hajawahi kuendeshwa kwa upole vile tangu aoe. Mimi nilikuwa natafsiri, nikaongeza na sifa zangu mwenyewe humo humo.

Tulifika Busawe kwenye saa saba kasoro. Gari la Vedasto lilikuwa limetangulia, limeegeshwa kando ya shamba. Wageni walishuka, wakasimama nusu duara wakisubiri, kwa sababu Mokami alikuwa amewaambia gari hili linajua kuandaa meza. Akasimama hatua tano mbele, akainua rimoti, akabonyeza.

Kifuniko kikainuka kiasi cha kiganja kimoja, kikatulia kidogo, kikarudi chini. Akabonyeza tena. Kikainuka, kikavutwa, kikarudi. Wageni wakapiga makofi wakidhani ni mchezo. Mimi nikaukumbuka mpira wangu, nikaanza kukimbia kuelekea kwenye bampa, na kabla sijafika alikuwa amebonyeza mara nyingine tano au sita. Nilikata mpira kwa kisu cha jikoni. Akabonyeza mara ya mwisho, tukasikia tik ndogo, halafu kimya. Taa za gari zikafifia zikazima. Rimoti ikawa haina maana kuliko kokoto.

Tulikuja kujua baadaye kwamba magari haya, pamoja na betri yao kubwa ya kukimbilia, yana betri ndogo ya kuamshia milango, taa na makomeo. Ya gari hili ilikuwa imechoka tangu safari ya meli, na pambano lake na mpira wangu ndilo lililoimaliza. Na unajua betri ndogo inakaa wapi? Ndani ya buti la mbele, chini ya kifuniko kile kile. Ufunguo wa ghala umefungiwa ghalani.

Upande wa pili Vedasto alivuta kamba yake, akapenyeza vidole, akainua kwa mikono miwili. Wageni wake wakaanza kugawiwa sambusa. Hakucheka. Madam alisimama katikati ya magari na daftari lake mkononi, akatazama saa. Betri ndogo ya gari la Vedasto ingeweza kutusaidia, lakini ilikuwa chini ya bamba lenye skrubu kumi na mbili na bisibisi ilikuwa kambini. Yule mzee wa kisukari alikaa kwenye kiti cha kukunja, mkewe akaanza kumpepea kwa kofia.

Mokami alikuwa amesimama na rimoti mkononi. Miaka sita ya mashuka ilikuwa imesimama pale nyuma yake, na mimi ndiye niliyemfunga kwa mpira. Nilitaka ardhi inimeze.

Halafu akapiga magoti mbele ya gari.

Akaanza kupapasa bampa kwa vidole, taratibu, kama anayetafuta sindano kwenye mkeka. Niliuliza anatafuta nini. Alinijibu kwamba kwenye kile kitabu cha gari, picha ya ukurasa wa mia moja na ishirini, kuna kifuniko kidogo ukubwa wa kisoda. Kitabu kile kilikuwa cha Kiingereza, mimi niliyejidai nakijua niliishia ukurasa wa tatu. Yeye alikuwa amekipitia chote kwa wiki mbili, picha kwa picha, huku akipiga pasi. Kisoda kikapatikana. Akakibandua, ndani zikatoka nyaya mbili fupi, nyekundu na nyeusi.

"Hizi zikipata umeme kutoka nje, komeo linaachia," alisema. "Nataka betri ya volti kumi na mbili. Yoyote."

Yoyote! Katikati ya mihogo! Nikaanza kuzunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, na hapo ndipo tuliposikia pikipiki.

Alikuwa bodaboda mtu mzima mwenye ndevu za mvi, baadaye alituambia anaitwa Method, amebeba gunia la mahindi na jogoo juu yake. Nilisimama katikati ya barabara nikamnyooshea mikono yote. Alifunga breki akinisonya. Mokami alimwamkia shikamoo, akamwomba amwazime betri ya pikipiki dakika tano. Method aliliangalia lile gari, refu, jipya, linang'aa, kisha akaiangalia pikipiki yake.

"Gari lote hili linaomba betri yangu mimi?"

Mokami alimwambia ndiyo, na kwamba haitaharibika, na kwamba yeye mwenyewe ameshaendesha pikapu iliyowashwa kwa betri ya sola ya kanisa. Sijui kama ni lile kanisa au ni sura yake, lakini mzee yule aliinua kiti, akatoa spana namba kumi, akafungua betri. Pikipiki yangu nitaipiga kiki, akasema, hii twaeni.

Sasa tazama kazi. Nyaya za gari ni fupi kuliko kidole, lazima betri isogezwe mpaka kwenye bampa na ishikiliwe hapo hapo, usawa wa magoti, bila kutikisika. Nilijitolea kuishika mimi, mikono ikawa inatetemeka mpaka cheche zikaruka. Mokami aliichukua. Akaiweka kwenye ule mkono uliokunjwa, akaikumbatia kifuani, akainama na kuisogeza mpaka ikagusa bampa, ikatulia kama mtoto aliyeshiba. Kwa mkono wa kulia akagusisha nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi.

Tak!

Kifuniko kiliruka. Nilipiga kelele nikasahau kwamba niko kazini. Wageni walipiga makofi ya kweli safari hii, Method naye akapiga, na Mokami akainua kifuniko kwa mkono mmoja kikapanda chenyewe mpaka juu. Yule mzee alipata dawa yake na sambusa zake hata robo saa haikupita. Kisha Mokami akaigusisha ile betri ya pikipiki kwenye betri ndogo ndani ya buti, ambayo kwa gari hili haikufunikwa kwa bamba, taa zikawaka, kioo cha dashibodi kikatoa maandishi, gari likaamka. Method akarudishiwa betri yake, akapiga kiki mara moja, pikipiki ikaitika. Akaondoka akisema atawasimulia wenzake kijiweni kwamba leo ameliwasha gari la umeme la Wazungu, na hakuna atakayemwamini.

Niliimba njia nzima wakati wa kurudi. Nilijua kazi ameipata.

Saa kumi na moja jioni Madam alituweka kikao kwenye hema la chakula. Nilisimama wa kwanza, nikaeleza habari ya mpira, jinsi nilivyoufunga na kwa nini. Nilitegemea kumwaga unga siku ile ile. Madam alifumba macho kidogo, akaandika. Vedasto akasema kwa haki yake kwamba basi kosa si la gari, na mtu aliyelitoa pale lilipokwama ni fundi. Unaona? Hata Vedasto! Jikoni wakaanza kugongana viwiko. Kitufe kilikuwa kinashinda.

Madam akamgeukia Mokami, akamwuliza, yeye aliyeyajaribu yote mawili, angeshauri kambi inunue lipi.

Mokami alisimama.

"Nunueni la mkono, Madam."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Mpira uliimaliza betri leo," akaendelea, "lakini usingekuwa mpira ingekuwa vumbi, au mtu kusahau taa. Ingezima tu siku moja. Leo tulikuwa Busawe, bodaboda akapita. Ndani ya hifadhi bodaboda haruhusiwi. Kule betri ikizima, maji yamo ndani, dawa zimo ndani, nani atashuka apige magoti mbele ya bampa, na simba amelala kwenye kivuli cha gari? La mkono unalifungua upesi unarudi ndani."

"Na wewe utalifungaje?" Madam akauliza polepole.

"Sitalifunga. Nitaendelea kufua."

Alikaa chini. Hakulia. Aliviringisha ile rimoti kwenye kitambaa, akaiweka mezani mbele ya Madam. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, wanasema, ila ukimwona anavyolipia ukweli wake utatamani angedanganya kidogo. Madam aliangalia daftari. Vedasto aliangalia meza. Alichosema Mokami kilikuwa sahihi, na kila mtu alijua.

Hasira ilinipanda kutoka kwenye nyayo. Haikuwa hasira ya mtu mmoja, na sikujua naielekeza wapi, mpaka macho yangu yalipomwangukia Vedasto. Nikasimama tena.

"Mzee Vedasto, shikamoo."

Tulikuwa tumeshaamkiana tangu asubuhi. Alinitazama kwa mashaka.

"Marahaba."

"Samahani, mzee wangu, naomba kuuliza. Tangu nije kambini hapa, kila asubuhi ukipima oili ya Landkruza, anayeliinua boneti na kulishikilia mpaka umalize ni nani?"

Watu wa jikoni wakamgeukia Vedasto.

"Ni wewe," akasema.

"Miaka saba. Kuna siku nilisema wewe ni nusu dereva?"

Sikuwa nimepanga kusema vile. Mtu hamwambii mzee hivyo mbele ya watu. Nikasubiri anifokee, na ningestahili. Vedasto alivua kofia, akaiweka gotini, akautengeneza ukingo wake kwa muda mrefu.

"Kiuno changu kilikufa mwaka ule wa mafuriko," alisema hatimaye, na hakuwa anazungumza na mimi, alikuwa anamtazama Mokami. "Sikumwambia mtu. Niliogopa wataniambia nipumzike. Kijana akawa anakuja kunishikia, nikaona ni heshima tu. Wewe, dada, nilikunyima kazi kwa kitu ambacho hata mimi nilikuwa sikiwezi."

Mokami alikuwa amejifunika mdomo kwa kiganja, na sasa, ndiyo, alikuwa analia.

Madam Laurensia aliufunga mjadala kwa sauti yake ile ya kazini. Yatanunuliwa ya mkono. Lile la kitufe litabaki kwa safari za nje ya hifadhi. Kuhusu kulihudumia gari mwenyewe mwanzo hadi mwisho, kanuni hiyo ameifuta, kwa kuwa inaonekana tangu kambi ianze hakuna aliyewahi kuitimiza. Kidole kimoja hakivunji chawa, akasema. Ndani ya hifadhi hakuna gari linalotoka bila mgawa chakula, na mgawa chakula ana mikono miwili. Dereva mpya aripoti Jumatatu.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilishika boneti la Vedasto kwanza, halafu nikaenda kukandamiza kifuniko cha Mokami, yeye kiganja kimoja upande wa kulia, mimi kimoja upande wa kushoto, tukakisikia kikilia tak. Nikapanda kiti cha nyuma, maana mgawa chakula wa safari ile nilikuwa mimi. Tulipofika geti la Ikoma askari wa zamu alizunguka gari, akachungulia wageni, akanichungulia mimi, akachukua karatasi zetu, kisha akauliza dereva yuko wapi ili aje kusaini.

Mokami alitoa mkono wa kulia dirishani, akapokea kalamu.

"Ni mimi," akasema.